Mguu wa Klachi

Kufikia saa mbili asubuhi Sista alikuwa ameshalipima geti mara tatu, na mara zote tepu ilimpa jibu lile lile: mita mbili na robo, kasoro kidogo. Akaandika kwenye daftari, kisha akabaki amesimama akilitazama geti kana kwamba likitazamwa vya kutosha litaona haya lipanuke.

"Hilo geti halijakua tangu jana," mumewe alimwambia kutoka barazani, kikombe cha chai mkononi.

"Na trekta unalolitaka wewe halijapungua," alijibu.

Sista ndilo jina walilomwita watu wote, kwa sababu alikuwa muuguzi miaka thelathini na miwili, mingi kati ya hiyo kwenye wodi ya upasuaji. Alikuwa amestaafu, lakini bado watu walimgongea mlango wakiwa na mtoto mwenye homa. Mumewe walimwita Dereva. Yeye aliendesha malori ya safari ndefu tangu akiwa kijana wa ndevu za kuhesabika, na jambo alilojivunia kuliko yote ni kwamba hakuwahi kugonga hata kuku. Nyuma ya nyumba yao palikuwa na ekari tano: tatu tambarare, moja na nusu ya mteremko ulioshuka hadi kwenye mtaro wa maji ya mvua, na iliyobaki ni nyumba, banda na miti ya matunda.

Kwa misimu miwili mfululizo trekta la kukodi lilikuwa limewafikia mvua zikiwa zimeshachapa wiki tatu. Mahindi ya wenzao yalikuwa magotini, wao bado wanafukuzana na simu ya mwenye trekta, ambaye kila alipopokea alikuwa "njiani, mama, niko njiani." Ndiyo maana kiinua mgongo cha Sista kilipotoka walikubaliana bila ubishi kwamba watanunua trekta lao wenyewe. Ubishi ulianza pale ilipobidi kusema trekta gani.

Dereva alitaka lenye nguvu za farasi hamsini. Alisema mtu aliyezoea kuvuta tani thelathini hawezi kukalishwa juu ya kitu kinachofanana na mashine ya kukata nyasi. Sista alitaka dogo, na alikuwa na sababu ambazo hazikuandikwa daftarini. Mwaka mmoja, zamani, wodini kwake aliletwa mtu ambaye trekta lilimpindukia kwenye mteremko. Walimbeba juu ya mlango uliong'olewa bawaba. Sista alishika beseni muda wote wa upasuaji, na mtu yule hakuamka. Hakuwahi kumsimulia mumewe habari hiyo. Ila tangu neno trekta liingie nyumbani, kila alipotazama ule mteremko wao alikiona kitasa cha mlango kikining'inia ubavuni mwa yule mtu.

Basi akapima. Alipima geti, mlango wa banda, nafasi kati ya mti na mti. Kuupima mteremko alimwita shemeji yake, mdogo wake Dereva, fundi wa magari mwenye gereji karibu na soko. Fundi alikuja na ubao mrefu na pima maji, akalala kifudifudi kwenye majani akisoma.

"Shemeji," alisema, "ukiendelea hivi utaacha ndoa uolewe na tepu."

"Tepu haibishi."

"Ndiyo maana haifai. Mume lazima abishe kidogo." Akainuka akijipangusa magoti, na utani ukamtoka usoni. "Huu mteremko si wa mchezo lakini. Trekta refu, jembamba, lenye matairi yaliyobanana, hapa litakulaza chali. Mwambie kaka."

"Mwambie wewe."

"Mimi ni mdogo wake," Fundi alisema, kana kwamba hiyo ilitosha.

Jumapili walikwenda wote watatu kwenye yadi ya matrekta. Ilikuwa uwanja wa zege uliozungushiwa wavu, na ofisi ndogo yenye feni na meza ya kioo. Muuzaji alikuwa mwanamume wa makamo mwenye kalamu tatu mfukoni, mpole, mwenye majibu tayari kabla maswali hayajaisha. Matrekta matatu yalikuwa yamepangwa mbele, moja kubwa na mawili ya kati. La nne, dogo, lilikuwa limeegeshwa kule nyuma kando ya tangi la maji, limejaa vumbi. Muuzaji alisema hilo ni la watu wa bustani za maua.

Dereva hakulitazama mara mbili. Alikwenda moja kwa moja kwenye mojawapo ya yale ya kati, la farasi hamsini, akaweka mguu wa kushoto kwenye kidaraja, akajivuta juu. Ndara yake ya kushoto ikachomoka, ikabaki chini. Yeye akakaa kitini, akashika usukani, uso umemng'aa kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Sista alisubiri ageuke kuitafuta ndara. Hakugeuka. Aliinamisha kichwa akautazama mguu wake wa kushoto, akauongoza kwa macho mpaka ukafika juu ya klachi, kisha ndipo akakanyaga.

Sista alisogea karibu, macho kwenye mguu ule.

Dereva aliteremkia upande wa pili, akalizunguka trekta akimweleza mdogo wake habari za gia, amevaa ndara mguu mmoja na soksi mguu mwingine, juu ya zege ambalo lingekaanga yai. Hatua kumi, labda kumi na mbili.

"Mzee, kiatu kimekuaga," muuzaji alisema akicheka.

Dereva akatazama chini. Kabla hajacheka, kwa kitambo kidogo tu, macho yake yalimtafuta mkewe, yakamkuta anamtazama. Kisha akacheka. "Trekta limenichanganya akili, ndugu yangu."

Je, viatu hukutoka bila wewe kujua? Sista alikuwa amewauliza swali hilo wagonjwa mamia, wale wa kisukari, akiandika ndiyo au hapana kwenye fomu. Mumewe aliambiwa ana sukari miaka mitano iliyopita. Alipewa dawa na daftari la kliniki, na kila Sista alipouliza alijibiwa "nzuri tu, daktari kafurahi." Yeye alikuwa akitoka zamu amechoka, akaridhika. Waswahili walishasema mganga hajigangi. Hawakusema lolote kuhusu mganga anayelala kitanda kimoja na mgonjwa.

"Tunalichukua hili," Dereva alikuwa akisema.

"Tunaomba tulijaribu kwanza," Sista alidakia. "Shambani kwetu. Kwenye mteremko."

Muuzaji akakuna kidevu. Kwa kawaida wateja hujaribia hapa hapa, alisema.

"Hapa ni zege. Sisi hatulimi zege."

Fundi alikohoa kuficha kicheko. Dereva alikunja uso, akamwambia mkewe kwa sauti ya chini kwamba amemgeuza mtu wa watu kuwa shahidi mahakamani. Lakini muuzaji alikubali. Angelileta Alhamisi. Sista akashukuru, akijua kwamba alichokipata si majaribio ya trekta bali siku nne za kumwambia mumewe jambo ambalo mumewe alikuwa analijua.

Siku ya kwanza, jioni ile ile ya Jumapili, alijaribu kupitia mlango wa mbele. Dereva alikuwa amekaa sebuleni, soksi miguuni katika joto lile. "Hebu nikuone hiyo miguu," alimwambia, kama mtu anayeomba chumvi.

"Umestaafu, Sista. Wodi imefungwa."

"Nakuuliza kwa wema."

"Na mimi nakujibu kwa wema." Akaongeza sauti ya redio.

Siku ya pili, Dereva alipokwenda kununua misumari, Sista alifungua saraka ya kabati lake. Daftari la kliniki lilikuwa chini ya leseni yake ya udereva. Muhuri wa mwisho ulikuwa wa miezi kumi na minne iliyopita. Dawa zilikuwamo humo humo, paketi tatu hazijafunguliwa. Alirudisha kila kitu kama kilivyokuwa na akakaa kitandani, mikono mapajani. Angeweza kumkabili jioni ile ile. Tatizo ni kwamba aliikumbuka ile miezi mitatu baada ya kampuni ya malori kumstaafisha, jinsi mumewe alivyokuwa anakaa barazani kutwa akisikiliza magari barabarani, akiyataja kwa mlio, bila kula mpaka aitwe. Trekta ndilo lililomwinua pale. Sasa aende akamwambie nini? Kwamba mguu uliomlisha maisha yake yote umekufa, na kwamba mkewe muuguzi hakuona?

Na pengine nimekosea, alijiambia. Pengine ni ndara tu. Alijiambia hivyo mara nyingi siku hiyo, na kila mara aliamini kidogo kuliko mara iliyotangulia.

Siku ya tatu alikwenda gereji. Fundi alikuwa chini ya gari. Ilibidi aongee na viatu vyake. Alipomaliza kueleza, Fundi akajisukuma nje, uso umepakaa oili.

"Mwezi uliopita aliigonga hii nguzo," alisema, akionyesha nguzo ya mlangoni iliyopinda. "Akiwa na pikapu yenu. Akasema breki hazishiki."

"Zilikuwa hazishiki?"

"Zilikuwa nzima. Nikamwambia kweli kaka, zimechoka. Nikafungua, nikabadilisha pedi ambazo hazikuwa na kosa." Alijifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono. "Ningemwambiaje, shemeji? Yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha."

"Kwa hiyo ukatibu gari, mgonjwa ukamwacha aende."

"Na wewe unayelala naye?"

Hakuna aliyekasirika. Walisimama hivyo, wote wawili na hatia yao, mpaka mteja mmoja akapiga honi nje. Wakakubaliana: kesho yake, Jumatano jioni, Fundi angekuja kula, na baada ya chakula wangesema kwa pamoja, asiwepo wa kukimbia.

Fundi alikuja. Alikula, akasifu, akasimulia vituko vya wateja. Dereva alikuwa mchangamfu kuliko siku zote; alitandika karatasi mezani na kuchora shamba, wapi ataanzia, wapi atageuzia, mahindi huku, maharage kule. Sista alimtazama Fundi. Fundi aliitazama karatasi. "Kaka," alianza, na Dereva akainua macho yenye furaha. "Kaka, hapo kwenye kona utahitaji nafasi ya kugeuzia," Fundi akamalizia. Sista aliinuka akaenda kuosha vyombo, na alipokuwa anaosha alijua kwamba yeye naye hatasema.

Alhamisi trekta lilikuja juu ya lori, likateremshwa barabarani. Geti liliponea chupuchupu, nafasi ya vidole vinne kila upande. Dereva alikuwa amevaa buti zake za zamani za safari, zilizopigwa rangi na kufungwa kamba hadi juu. Sista aliziona akapata nafuu kidogo, buti hazichomoki.

Kwenye tambarare alilima vizuri, na hakuna ambaye angebisha. Mstari ulinyooka. Udongo uligeuka mweusi, ndege wakashuka nyuma yake. Muuzaji alisimama na mikono kiunoni kama baba wa bwana harusi. "Mzee anajua," alisema. Sista alikuwa anatembea sambamba na trekta, hatua ishirini mbali, akiutazama mguu wa kushoto, na kila ulipopanda na kushuka alipumua.

Kisha Dereva aliligeuza kuelekea mteremkoni.

"Hapo basi, kaka," Fundi aliita. "Hapo tuachie."

Dereva alipunga mkono. Alishuka taratibu, gia nzito, plau imeinuliwa. Mwendo ulikuwa sawa hadi karibu na mtaro, pale alipopaswa kusimama ageuze. Sista aliuona mguu ukiinuka. Aliuona ukishuka. Haukushuka kwenye klachi. Ulishuka pembeni, kwenye bati la sakafu, na Dereva akaukandamiza hapo kwa nguvu zake zote, akisubiri injini iachie. Injini haikuachia. Wa kulia ulikuwa kwenye breki, lakini trekta lilikuwa bado linasukuma, matairi yakiburuza majani, pua ikizidi kuelekea chini.

"Tazama mguu wako," Sista alipaza sauti. Hakujua kama alisikika. Alikuwa anakimbia, mwanamke wa miaka sitini na mmoja mwenye kanga kiunoni, na kichwani mwake hapakuwa na kitu ila ule mlango.

Matairi ya mbele yakatumbukia mtaroni. Trekta likainama, gurudumu moja la nyuma likapaa juu ya ardhi kiasi cha shubiri, likatulia hapo kama linafikiri. Kisha pua ikajikita kwenye ukingo wa pili, injini ikakohoa, ikazima. Gurudumu likarudi chini.

Dereva alikuwa amekaa kitini, mikono kwenye usukani, hana hata mkwaruzo. Alikuwa anatazama miguu yake.

Sista alifika ameishiwa pumzi. Alimshika goti. Mumewe hakumtazama.

"Sikuusikia," alisema polepole. "Nilijua nimekanyaga. Naapa nilijua nimekanyaga."

"Najua."

"Tangu mwaka jana. Kama nimevaa soksi nene, hata nikiwa peku."

"Najua, mume wangu. Teremka."

Fundi na muuzaji walimsaidia kushuka, wakamkalisha kwenye majani. Sista alipiga magoti akaanza kufungua kamba za buti. Dereva alinyoosha mkono kumzuia, kisha akauacha uanguke. Buti ilipotoka, harufu ilitoka nayo, na Sista aliitambua kabla hajaona. Soksi ilikuwa imegandamana na unyayo. Aliigeuza buti. Katikati ya soli ilikuwa imechoma skrubu fupi ya bati, ya aina ile ile aliyotumia Dereva Jumamosi iliyopita alipokuwa anaziba paa la banda. Ncha yake ilikuwa imepenya hadi ndani, inang'aa. Kwa siku tano alikuwa ameivaa na kuivua buti hiyo, akaingia nayo dukani na kutoka.

Muuzaji aligeuka pembeni. Fundi alikaa chini hapo hapo alipokuwa, akajishika kichwa.

"Lete pikapu," Sista alimwambia. Sauti ilikuwa ile ya wodini. Hata yeye ilimshangaza. "Na maji safi na kanga nyingine iliyo kambani. Usikimbie, utaanguka, halafu nitakuwa na wawili."

Hospitalini sukari ilikutwa juu mno. Daktari, mwanamke ambaye Sista alimfundisha kufunga vidonda akiwa bado mwanafunzi, alieleza kwa heshima na bila kuficha. Kidonda kilikuwa kimeingia ndani. Wangejaribu kuuokoa mguu. Waliuokoa, baada ya wiki tatu na nusu, isipokuwa vidole viwili ambavyo havikurudi naye nyumbani. Wiki hizo Sista alilala kwenye kiti kando ya kitanda, akiamka kila muuguzi alipopita, akiwasahihisha bila kutaka, mpaka mmoja akamwambia kwa adabu, "Sista, leo wewe ni ndugu wa mgonjwa." Ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza.

Dereva aliporudi alikataa kabisa kusikia habari za trekta. Alikaa na mguu juu ya stuli, mgongo kwa shamba. "Nunueni punda," alisema. "Punda hana klachi."

Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Sista alimchukua Fundi wakaenda yadi. Muuzaji aliwapokea kwa kumuulizia mzee, na alionekana anauliza kwa dhati. Sista alipita mbele ya yale matatu bila kusimama, akaenda mpaka kwenye tangi la maji.

"Hili," alisema. "Nieleze hili."

Muuzaji alipuliza vumbi kitini. Farasi ishirini na tano. Halina klachi ya mguu. Lina pedali moja upande wa kulia: ukisukuma mbele linaenda mbele, ukisukuma nyuma linarudi nyuma.

"Ukiachia?"

"Linasimama. Kwenye mteremko unamalizia na breki."

"Hata kama mtu ameachia kwa sababu ameogopa?"

Muuzaji alifikiri. "Hapo ndipo linaposimama vizuri zaidi, mama. Mtu akiogopa huinua mguu."

Fundi alilala chini yake nusu saa. Alitoka akasema mambo yote, mazuri na mabaya. Liko chini, na matairi yanaweza kupanuliwa, kwa hiyo halipinduki kirahisi. Nyuma ya kiti lina chuma kilichopinda kama fremu ya mlango, na mkanda, kwa hiyo hata likipinduka aliyefunga mkanda atabaki na nafasi ya kupumua. Spea zinapatikana, chujio la oili ni lile lile analoliuza gerejini. Lakini halitachimba kina kama lile la farasi hamsini, na kazi ya siku moja itakula siku mbili na nusu. Na mteremkoni lisiende na plau kamwe.

"Mteremko tutaotesha majani ya ng'ombe wa jirani," Sista alisema. Alikuwa ameshaamua hilo hospitalini.

"Na ataendesha nani?"

Hilo nalo alikuwa ameliamua hospitalini, ila hakuwa amewahi kulitamka. "Mimi."

Fundi hakutania. Hiyo ndiyo ilimtisha Sista zaidi.

Siku ya kwanza trekta likiwa nyumbani, Sista alikaa juu ya kiti chake robo saa nzima kabla ya kuwasha. Fundi alimwelekeza mara mbili, akaitwa gerejini, akaondoka. Sista alifunga mkanda, akaufungua, akaufunga. Aliwasha. Trekta likanguruma, naye akavuta mkono wa moto, ule wa kuongeza mafuta, hadi mwisho kwa hofu, likanguruma zaidi, moshi ukajaa uwanja.

Barazani Dereva alikuwa amekaa vile vile, mgongo kwa shamba. Alivumilia dakika moja, labda mbili.

"Punguza moto," alisema bila kugeuka. "Unaliumiza."

Sista hakusikia. Dereva akageuza kiti. "Punguza moto, mama. Huo mkono wa kulia kwako. Rudisha. Rudisha tena. Hapo. Sikiliza sasa, hapo linapumua."

Alipunguza. Akakanyaga pedali kidogo, trekta likaenda hatua moja. Akaogopa, akainua mguu, likasimama. Akakanyaga tena.

"Usitazame tairi. Tazama unakokwenda. Mbali, kule kwenye mti wa mwisho." Alikuwa amesogeza stuli ukingoni mwa baraza, ameinama mbele. "Mbali zaidi. Lori huendeshwa na macho, mikono inafuata tu."

Walifanya hivyo siku sita. Aling'oa nguzo moja ya uzio na kuwatia kuku wa jirani hofu ambayo hawataisahau. Siku ya saba alilima ekari ya kwanza, mistari imepinda kama njia ya mbuzi. Dereva alitembea hadi ukingoni kwa magongo, akaitazama muda mrefu. "Mahindi hayajui kusoma," alisema. "Yataota." Mvua ikanyesha siku nne baadaye, na mbegu zilikuwa zimeshaingia ardhini.

Kidonda kilipofunga kabisa, daktari alimpima nyayo kwa uzi wa plastiki, nukta kwa nukta, macho yamefumbwa. Mguu wa kushoto ulijibu mara mbili kati ya kumi. Wa kulia ulijibu mara tisa. Barabarani asirudi, daktari alisema. Mambo ya shambani akamwachia Sista, na Sista alitamani asingeachiwa.

Dereva hakuomba wiki nzima. Alimeza dawa mbele yake, akaonyesha nyayo kila asubuhi bila kuambiwa, akatembea na gongo moja. Kisha siku moja baada ya chai akasema, akiangalia kikombe, "Ile ekari ya tambarare, ya katikati. Ile ya maharage, bado haijalimwa. Haina mteremko hata wa kuteremsha maji."

"Nimesikia."

"Ukisema hapana, basi. Sitauliza tena."

Alijua kwamba ni kweli, hatauliza tena. Alimtazama: shingo iliyopungua, shati lililofuliwa na kunyooshwa kwa ajili ya siku hiyo, na ilikuwa Jumanne ya kawaida. Angeweza kusema hapana na kila mtu angempongeza. Alitoa ufunguo mfukoni mwa gauni, akauweka mezani kati yao, na kidole chake kikachelewa kuuachia.

"Mizunguko miwili," alisema. "Mkanda. Na mguu wa kulia nauona kabla."

Aliuona. Alimfunga mkanda kwa mkono wake, akauvuta kuhakikisha. Dereva aliwasha, akasikiliza kidogo, akaenda, polepole kama mtu anayebeba maji. Sista alikuwa ameacha sufuria jikoni na nguo kwenye beseni. Alijiambia atasimama mpaka kona ya kwanza tu. Kona ya kwanza ikapita, na ya pili, mstari nyuma ya trekta ukiwa umenyooka kama uliopigwa kamba. Yeye bado alikuwa amesimama juani, mikono amejifumbata kifuani, akiutazama mguu wa kulia ukishuka, ukiinuka, ukishuka.